Mvua Ilitukuta Khasab

Sisi tunaoishi Dubai tuna msimu wetu wa matembezi, nao ni kinyume cha ule wa wenzetu walioko Ulaya. Wao hungoja joto lije, sisi tunangoja liondoke. Kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, meli kubwa za kitalii hutia nanga Mina Rashid na Dubai Harbour, zikachukua abiria na kuwazungusha Ghuba: Abu Dhabi, Doha, Muscat, Khasab. Wengi wa abiria hao ni wageni waliokimbia theluji ya kwao. Lakini nafasi zikibaki, bei hushuka, na familia za wafanyakazi wa kawaida kama yetu hupata kuonja raha hiyo kwa siku tatu nne.

Khasab ndiyo ninayotaka kuieleza leo. Ni mji mkuu wa Musandam, jimbo la Oman lililoko ncha ya kaskazini kabisa, lililotengwa na sehemu nyingine ya Oman kwa ardhi ya Imarati. Ng'ambo ni Iran. Mlango wa Hormuz uliopo katikati, mahali pake pembamba, una upana wa kilomita 33 hivi. Matangazo huiita Musandam "Norway ya Uarabuni", kwa sababu milima ya mawe imesimama wima baharini na maji yameingia kati yake mbali sana. Kule Norway mabonde hayo yalichimbwa na barafu. Huku barafu haikupita. Ardhi yenyewe ndiyo inayozama polepole, kwa vile bara Arabu linasukumwa chini ya upande wa Iran, na bahari ikayafuata mabonde ndani. Waarabu huuita mkono wa bahari kama huo "khor", na hilo ndilo neno letu "hori".

Ziara ya Khasab, ingawa huitwa ya nchi kavu, hasa ni ya majini. Unashuka meli kubwa, unapanda jahazi la mbao lenye injini, lililotandikwa mazulia na mito, na kwa muda wa saa nne hivi unapelekwa ndani ya Khor Sham, hori lenye urefu wa kama kilomita 16. Unatazama pomboo wakicheza ubavuni mwa jahazi. Unaona vijiji vidogo vya wavuvi chini ya milima, visivyo na barabara wala kisima, ambavyo maji ya kunywa hupelekewa kwa boti. Unapita kisiwa kidogo ambako miaka ya 1860 Waingereza walijenga kituo cha waya wa telegrafu wa kutoka India, wasikae miaka mingi. Katika picha za matangazo jua linawaka na maji ni ya kijani kibichi.

Tulikwenda Januari mwaka huu: mimi, mume wangu, Salma mwenye miaka 13, Yusuf mwenye miaka 9, na mamangu mzazi, aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa akiwa na miaka 71. Kwa nje ilikuwa ni likizo. Ndani yake tulibeba neno ambalo watoto hawakulijua.

Mwezi mmoja kabla, mimi na mume wangu tulikuwa tumeamua kwamba mwaka wa shule ukiisha, mimi na watoto tutarudi Mombasa, naye atabaki Dubai na kazi yake. Mkataba wake ulikuwa umetiwa saini upya kwa mshahara mdogo zaidi, na karo ya watoto wawili ilikuwa imeipita kodi ya nyumba. Wasomaji wengi wa Ghuba wanaijua hesabu hii, wameshaipiga usiku jikoni watoto wakiwa wamelala. Wanajua pia kwamba haijaribiwi kisha ikaachwa. Kwa kawaida mkaazi wa Imarati akikaa nje ya nchi zaidi ya miezi 6 mfululizo, ukaazi wake hufutika. Unaweza kuuokoa kwa kuwaleta watoto kila baada ya miezi michache, lakini nauli ya kuuokoa ndiyo hiyo hiyo pesa uliyokuwa unaikimbia.

Tulikubaliana kuwaambia safarini. Mume wangu alitaka iwe usiku wa mwisho, baada ya chakula, watoto wakiwa wameshiba na kufurahi. Mimi nilitaka iwe Khasab, kwenye jahazi, pomboo wakiruka. Mamangu hakuupenda mpango wa yeyote kati yetu. "Mtoto haambiwi habari ya safari siku ya kufunga mizigo," alisema, "wala hangojewi acheke kwanza." Kisha akanyamaza, kwa kuwa ni yeye aliyetufundisha kwamba mambo ya mke na mume mkwe hayaingilii.

Asubuhi ya Khasab kulikuwa na wingu jeusi lililokaa juu ya milima kama kifuniko. Mvua za huku ni za kipusa, na zikija huja miezi ya baridi kama hiyo. Tulipofika kwenye gati yalikuwa manyunyu tu. Tulipoingia ndani ya hori ikawa mvua kamili, na upepo ukashuka kwenye makorongo ya milima ukitupiga ubavuni. Joto lilikuwa kama nyuzi 15. Msomaji wa Oslo au Toronto atacheka, lakini sisi tulikuwa tumevaa kanzu, kandambili na majaketi mepesi ya Dubai, ambayo kazi yake ni kukulinda na kiyoyozi cha dukani.

Mabaharia walifunga turubai. Turubai lilijaa maji katikati, likatumbukia, na maji yote yakamwagika kwenye mito. Mablanketi yalikuwa sita kwa watu kama thelathini, na wazee wa Kijerumani waliokuja na makoti yao ya mvua walikuwa na adabu ya kuyakataa. Pomboo hatukuwaona. Kisiwa cha telegrafu tulionyeshwa kwa kidole, nasi tukaona ukungu. Yusuf alitetemeka mpaka meno yakagongana, nikamwingiza ndani ya khanga mbili na kumkalisha mapajani kama mtoto mchanga. Salma alikaa peke yake, simu amezima ili isilowe, uso umekunjamana.

"Tumelipa pesa kwa ajili ya hii?" aliuliza.

Sikumlaumu. Mvua ambayo wanangu wanaijua ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ile ya robo saa, ambayo watu wa Dubai huitoka nje kuipiga picha. Ya pili ni ile ya tarehe 16 Aprili 2024, wengi wenu mnaikumbuka. Huko Khatm Al Shakla, upande wa Al Ain, ilinyesha zaidi ya milimita 254 kwa muda usiotimia saa 24, mvua kubwa kuliko zote tangu Imarati zianze kuweka kumbukumbu mwaka 1949. Barabara zikageuka mito, uwanja wa ndege ukajaa maji, masomo yakahamia kwenye kompyuta. Kwa wanangu, basi, mvua ni mchezo au ni balaa. Mvua ya kawaida, ile inayonyesha na watu wakaendelea na shughuli zao, hawajaiishi.

Hapo kwenye jahazi nilianza kuhesabu. Watoto wangu wameshafika Mombasa mara saba. Mara tano ilikuwa Julai na Agosti, shule za huku zikifungwa kwa joto. Mara mbili ilikuwa Desemba. Hawajawahi kukanyaga nyumbani mwezi wa Mei, ambao ndio wenye mvua nyingi kuliko yote pwani yetu. Kalenda ya shule za Dubai imewachagulia sura ya kwao: upepo mzuri, harusi, ufukwe, binamu walio likizoni, mishikaki ya usiku. Tulikuwa tunataka kuwahamishia mahali ambapo wao wamepaona mara saba, na mara zote pakiwa pamevaa nguo za sikukuu.

Mtu mmoja tu alikuwa akifurahi ndani ya jahazi lile, naye ni mamangu. Alivua viatu, akajifunga mtandio vizuri, akaenda kukaa karibu na nahodha huku akinywa kahawa yenye iliki. Akamtuma mume wangu, anayejua Kiarabu, amwulize nahodha upepo ule unaitwaje.

"Shamal," akajibu nahodha. Maana yake ni kaskazini.

"Kwetu ni kaskazi," mamangu akasema, kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini.

Kwa haki ya elimu, si upepo mmoja. Shamal huteremka kutoka upande wa Iraki ukafuata Ghuba. Kaskazi ni ule wa bahari kuu, nje ya Hormuz, unaovuma kutoka kaskazini mashariki bara la Asia linapopoa. Lakini zikiwa miezi ya baridi hupokezana kazi. Majahazi na bumu za Kuwait, Basra na bandari nyingine za Ghuba ziliteremka kwa shamal, zikatoka Hormuz, zikaikuta kaskazi ikazipeleka mpaka Lamu, Mombasa, Unguja na delta ya Rufiji. Zilipakua tende na chumvi, zikapakia boriti za mikoko, na kusi ilipoanza mwezi wa Aprili zikarudi. Mwaka 1938 Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda bumu moja ya Kuwait huko Aden na kwenda nayo mpaka Rufiji, akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Sisi wa pwani tunaijua kaskazi kama upepo wa joto, wa Januari na Februari, wa maembe na jasho. Huku inakotoka miezi yake ni ya baridi. Nimeishi Dubai miaka 12 na sikuwahi kuyaunganisha hayo mawili mpaka nilipoketi nimelowa chapachapa.

Babake mamangu alikuwa mtu wa Lamu, mpakizi wa boriti. Msimu mmoja, kabla mamangu hajazaliwa, alipanda bumu kama baharia akaja Ghuba. Alifika wakati wa joto kali, akangoja miezi mpaka kaskazi irudi, na wakati wa kungoja baridi ikamkuta. Alirudi nyumbani akiwa na hadithi moja aliyoisimulia mpaka kufa kwake: kwamba usiku alilala amejiviringisha ndani ya tanga kama sambusa, na bado meno yakagongana.

"Kama Yusuf," mamangu akasema, akimwonyesha kwa kidevu.

Yusuf akatoa kichwa kwenye khanga. Salma, ambaye alikuwa akijifanya hasikii, akauliza, "Boriti ndiyo nini?"

"Miti ya mikoko. Ya kuezekea dari."

"Zile za Al Fahidi?"

Mwaka uliopita shule yake iliwapeleka Al Fahidi na Shindagha kuziangalia nyumba za kale, na akachora dari kwenye daftari lake. Mwalimu aliwaambia kwamba miti ile ilitoka Afrika Mashariki. Hakuna aliyemwambia kwamba mmoja wa watu waliokuwa wakiipakia ni babake bibi yake. Mamangu akamweleza kwamba vyumba vya kale vya Lamu ni vyembamba kwa sababu boriti haivuki zaidi ya urefu wake, na Salma akasema vya Al Fahidi pia ni vyembamba. Wakaanza kupimiana upana kwa mikono, mvua ikiwapiga. Mamangu akaongeza kwamba biashara hiyo ilikwisha. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, mikoko ikiwa inamalizika.

Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwakani mwezi wa Mei mtaona mvua. Hii ni rasharasha."

"Mwakani Mei tuna mitihani, Bibi," Salma akasema. "Hatuwezi kuja Mombasa."

Mamangu hakujibu. Akanitazama mimi, kisha akamtazama mume wangu. Salma ni mtoto mwerevu, na kimya cha wakubwa anakisoma upesi kuliko maneno yao. Mume wangu akasogea akaketi kwenye mto uliolowa, akawaambia. Hakuwa amejiandaa, na nadhani hiyo ilisaidia. Alisema pesa hazitoshi, alisema lini, na alisema nani anakwenda na nani anabaki.

Sitawadanganya kwamba tulikumbatiana. Salma alilia kwa hasira, akauliza maswali ya mtu mzima: shule gani, mtaala gani, chumba changu kiko wapi, na Baba atakula na nani? Mwisho akasema, "Na mmetuleta kwenye meli ili tusilie?" Swali hilo hatukulijibu.

Yusuf yeye aliuliza moja tu. "Mvua ya huko ni kama hii?"

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba mvua ya Mombasa ni nzuri, ya vuguvugu, watoto huicheza. Mamangu akanitangulia. "Ni zaidi ya hii," akamwambia. "Nguo hazikauki siku tatu. Umeme hukatika. Mitaro hujaa, kiatu kikanuka. Mbu ndio usiseme. Na shule utakwenda vilevile." Akafikiri kidogo. "Lakini baridi kama hii hakuna."

Yusuf akatikisa kichwa kama mfanyabiashara aliyesikia bei anayoweza kuilipa.

Wazazi wenzangu, hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Sisi tulio mbali tunawauzia watoto wetu nyumbani jinsi matangazo yanavyotuuzia Khasab: jua, pomboo, maji ya kijani. Tuna sababu. Tunaogopa wasipende kwao, wasijisikie ni kwao, na kwa hiyo tunaficha matope. Lakini mtoto anayehamishwa hahamii kwenye picha, anahamia kwenye mwaka mzima, na ndani ya mwaka kuna Mei. Akifika huko akakuta yale tuliyomficha, hataona kwamba mvua imenyesha. Ataona kwamba wazazi wake walimficha. Mamangu alimpa Yusuf mitaro, mbu na kiatu kinachonuka, na mtoto akatulia, kwa sababu alijua sasa anahesabu vitu vyote.

Hali ya hewa njema ya kumwambia mtoto neno zito haipo pia. Tulingoja meli, tukangoja chakula, tukangoja pomboo. Neno lilitoka tukiwa tumelowa, na hakuna kati yetu aliyekuwa na raha ya kuharibiwa. Kwa Salma ilikuwa na faida moja nyingine: alilia mbele ya watu wasiojua kama ni machozi au ni mvua. Tena tulikuwa na miezi sita mbele yetu. Miezi sita inatosha kwa mtoto kuaga marafiki, kugombana na wazazi, kupatana, na kugombana tena. Najua familia zilizowaambia watoto wiki mbili kabla ya ndege, na sauti za simu walizonipigia baadaye sizisahau.

Likizo ya Aprili, badala ya kuziweka pesa kwenye akiba kama tulivyopanga, niliwapeleka Mombasa siku tisa. Jamaa walishangaa: nani anakuja Aprili? Ilinyesha siku tano kati ya hizo. Tuliitazama shule ikiwa na madimbwi uwanjani. Umeme ulikatika mara mbili, na Salma aligundua kwamba Bibi hucheza karata vizuri na huiba. Nguo kweli hazikukauka. Kama mna mpango wa kurudi nyumbani, na kama nauli inawezekana hata mara moja, waleteni watoto wakati ambao hakuna anayekuja.

Nawaandikieni Mei, masanduku mawili yakiwa tayari yamejaa vitabu. Salma hajakubali, na sikumtaka akubali. Ameniambia tu kwamba chumba chake kisipakwe rangi ya waridi. Yusuf amenunuliwa buti za mpira, za manjano, na anazivaa ndani ya nyumba. Karibu kila jioni hummtumia Bibi yake ujumbe wa sauti kumwuliza kama leo imenyesha, naye hujibu kwa kuitoa simu dirishani.

Mume wangu ameshapata kitanda katika chumba cha kushirikiana na wenzake Deira, kuanzia Julai. Miaka yote 12 amekuwa akichukua likizo yake Agosti, pamoja na Dubai nzima. Wiki iliyopita aliandika barua kazini akaomba ya mwakani iwe Mei.